Springi Sabini na Mbili

Niliipata mnadani, imefungwa kamba kama mzigo wa kuni,
springi zake kwenye kiroba cha unga.
Nikazimwaga sakafuni, nikahesabu: sitini na nane.
Matundu ya fremu yalisema sabini na mbili.

Mimi mchomeleaji, banda langu liko Chang'ombe,
nakijua chuma kinavyodanganya:
nje kinang'aa, ndani kimeshaliwa.
Basi trampolini ikalala stoo wiki tatu, nikizisaka nne zilizopungua.
Watoto walinuna. Nikawaacha wanune.

Siku ya kuisimamisha nilitoa mawe uani, ndoo kumi na moja
(Ilazo hii, ukichimba shimo la mchicha unachimba mlima),
nikaweka pipimaji, nikafukia upande uliobonyea,
nikahamisha kamba ya kuanikia nguo.
Turubai lilipowambwa likakaza, likaitika:
dum.
Mama yangu, aliyepiga muheme kule Mvumi ujana wake,
akaligonga kwa kiganja, akacheka:
"Ngoma hii mpigaji wake ni nyayo."

Nikatoa sheria kwa sauti ya mwenye nyumba:
viatu nje. Pipi itemwe.
Sarakasi mkafanyie ndotoni.
Zipu ya wavu ifungwe kabla ya ruko la kwanza,
kushuka ni kwa ngazi, si kwa kujirusha,
na pawe na mtu mzima, macho kwenu, si kwenye simu.
Na juu ya zote: mmoja mmoja.
Sechelela akaandika, akabandika mlango wa jiko.
Ndahani akauliza kama paka anahesabiwa.

Agosti ikaja. Upepo wa Dodoma haupigi hodi.
Usiku wa manane nilisikia bati, nikasikia mbwa, halafu kimya.
Asubuhi uani limebaki duara
la udongo ambao miezi miwili haukuonja jua.
Trampolini iko ng'ambo ya ukuta,
imelalia zabibu za mwalimu Wendo
wiki mbili kabla ya kuchuma.
Aliniita kwa jina kamili: "Malogo Chidumizi,
kitu hiki mnakirukia, au chenyewe ndicho huwarukia watu?"
Nililipa kishada kwa kishada.
Nikarudi bandani, nikakata nondo nane, nikazipinda shingo,
nikazizamisha ardhini kina cha goti, zishike miguu yake.

Hilo la upepo nalisimulia kwa kicheko.
Hili la pili nilikaa nalo mwezi mzima.

Jumapili moja, mama watoto yuko kwaya,
Yaledi, kitinda mimba, akanivuta kidole: Baba, njoo.
Mimi kilo themanini na nne. Yeye kumi na tisa.
Nilitaka kumwonyesha tu. Nikaruka mara moja.
Nilipotua, yeye ndiyo kwanza anapanda,
na turubai likampa uzito wangu wote.
Hakulia. Alipita juu ya kichwa changu, mikono wazi,
uso wa mtu aliyesahau kitu nyumbani,
akielekea ukutani.

Wavu. Ule wavu niliotaka kuuacha mnadani
kwa sababu waliuuza peke yake, elfu hamsini,
nikasema, mimi na hela ya chandarua cha mchana!
Ulimpokea, ukatanuka, ukamrudisha miguuni pangu.
Akasema, "Tena."

Nilishuka kwa ngazi. Magoti yalikuwa bado yanaruka.

Siku hizi, kabla ya kwenda bandani, nazunguka na vidole,
nainua sponji, napapasa: moja, mbili, tatu,
hii ina kutu, hii imelegea, hii nzima.
Yaledi hunifuata nyuma akihesabu,
huruka arobaini na tisa kila mara.
Tunaanza upya.

Nikikanyaga ngazi kwa utani
hunizuia kwa kidole kilekile:
"Baba. Mmoja mmoja."
Halafu naisikia zipu ikipanda.